Bustani ya Vyura Bila Bwawa: Kona ya Kivuli, Majani Makavu na Maua ya Msituni

Mtu akiambiwa atengeneze makao ya vyura nyumbani kwake, jambo la kwanza analowaza ni bwawa. Anahesabu gharama ya kuchimba, karatasi ya kuzuia maji yasipotelee ardhini na maji yenyewe. Kisha anakumbuka mbu na malaria, na mpango unaishia hapo.

Kwa wakazi wa milima ya Taita kuna habari njema. Amfibia wetu adimu zaidi, wale wasiopatikana mahali pengine popote duniani, hawahitaji bwawa ili kuzaana. Wanachohitaji ni kivuli, udongo laini wenye unyevu, na majani yaliyoanguka yakaachwa yaoze. Hayo mwananchi anaweza kuyapata kwa jembe, panga na subira, na akipanda maua ya asili ya msituni juu yake, atapata pia bustani ya kupendeza.

Makala haya yanaeleza amfibia hao ni akina nani, kwa nini wanategemea mashamba yetu, na jinsi ya kuwatengenezea kona yao kabla mvua hazijaanza.

Wanyama wanaobeba jina la kwetu

Milima ya Taita ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Sisi tuko ncha ya kaskazini, na ndiyo sehemu pekee ya safu hiyo iliyo ndani ya Kenya. Dawida, Sagalla na Mbololo zimezungukwa na nyika kavu pande zote, kama visiwa katikati ya bahari. Mnyama mdogo anayehitaji unyevu hawezi kuvuka nyika ya Voi kwenda kutafuta makao mapya. Amekaa hapa kwa vizazi visivyohesabika, akawa tofauti na ndugu zake wa kwingine.

Wa kwanza ni chura mdogo mwenye ngozi ya chunjua anayeitwa kisayansi *Callulina dawida*. Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 2009, na jina lake la pili ni la mlima wetu wa Dawida. Huishi katika vipande vya msitu wa asili vilivyobaki, akijificha chini ya magogo na majani makavu. Mayai yake hayatagwi majini, wala hayatoi viluwiluwi. Mtoto hukamilika ndani ya yai na kutoka akiwa chura mdogo kabisa. Chura huyu amewekwa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kuangamia.

Wengine ni sesilia, amfibia wasio na miguu ambao watu wengi huwadhania kuwa nyungunyungu wakubwa au nyoka. *Boulengerula taitana* anaishi Dawida na Mbololo. Ndugu yake, *Boulengerula niedeni*, anaishi mlima wa Sagalla peke yake, na alitambuliwa kuwa aina tofauti mwaka 2005 tu. Maana yake ni kwamba mnyama huyu akitoweka Sagalla, atakuwa ametoweka duniani.

Sesilia wa Taita ana sifa iliyowashangaza wataalamu wa dunia nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mama huyataga mayai yake ndani ya udongo na kuyazungushia mwili. Watoto wakishaanguliwa, tabaka la juu la ngozi ya mama huwa nene na lenye mafuta, na watoto huibandua kwa meno yao maalumu na kuila. Ngozi hiyo humea tena. Ndivyo anavyowalea, chini ya udongo ambao mkulima anaupitia kila msimu akienda kupanda mahindi.

Kijani kibichi si lazima kiwe msitu

Mgeni akipanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi huona milima iliyofunikwa na miti, akadhani mambo ni mazuri. Uchunguzi wa picha zilizopigwa kutoka angani ulitoa picha nyingine. Kati ya mwaka 1955 na 2004, msitu wa asili katika milima ya Taita ulipungua kwa nusu. Katika kipindi hicho hicho, eneo lote lenye miti lilipungua kwa takriban asilimia 2 tu, kwa sababu palipokuwa na msitu wa asili au ardhi tupu pamepandwa misonobari, mikaratusi, misaiprasi na miti mingine ya kigeni.

Mti ni mti kwa mpasua mbao. Kwa chura na sesilia, hapana. Chini ya mikaratusi udongo hukauka na kuwa mgumu, majani yake huchelewa kuoza, na mimea mingine haioti kwa urahisi. Mnyama anayepumua kwa kiasi kikubwa kupitia ngozi yenye unyevu hawezi kuishi hapo. Ndiyo maana kilele cha Sagalla kinaweza kuonekana cha kijani kutoka mjini Voi, huku sesilia wake akiwa amesukumwa kwenye kingo za vijito na kwenye mashamba yenye migomba, miwa na nduma.

Hapo ndipo shamba lako linapoingia. Watafiti wamewakuta sesilia katika mashamba ya wakulima wadogo, hasa pale udongo unapofunikwa na masalia ya mimea na kulimwa kwa jembe la mkono. Mkulima ambaye hajawahi kuwaza habari za uhifadhi huenda ndiye anayemhifadhi mnyama huyu, kwa sababu tu ana tabia ya kurundika majani ya migomba yaoze karibu na kijito.

Kuchagua na kuandaa mahali

Huhitaji eneo kubwa. Mita 3 kwa 4 zinatosha kuanzia. Chagua upande wenye kivuli sehemu kubwa ya mchana: chini ya mparachichi, nyuma ya migomba, au kando ya ukuta usiopigwa na jua la mchana. Bonde dogo ambamo maji ya mvua hupita taratibu ni bora kuliko sehemu iliyoinuka. Kama shamba lako linapakana na msitu wa asili au kijito, anzia upande huo.

Iache kona hiyo umbali wa mita 10 hivi kutoka mlangoni na dirishani. Mahali penye majani na magogo panaweza kumpendeza nyoka pia, na ni vyema kila mmoja awe na nafasi yake.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Legeza udongo mara moja tu, kwa uma wa shambani ukiwa nao. Jembe hukata sesilia na nyungunyungu. Changanya samadi iliyooza vizuri au mboji.

2. Weka magogo mawili matatu ya miti ya kawaida, yaliyoanza kuoza, na mawe machache yenye nafasi chini yake. Yafukie kidogo ili unyevu ubaki. Usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa.

3. Tandaza majani makavu kwa unene wa sentimita 10 hivi. Majani ya mparachichi, mpera, migomba na miti ya asili yanafaa. Ya mikaratusi na misonobari yaweke kando.

4. Ongeza majani kila yanapopungua. Kuoza kwake ndiko kunakoleta mchwa, nyungunyungu na wadudu wadogo, na hao ndio chakula cha vyura na sesilia.

5. Baada ya hapo, usilime. Usichome takataka hapo, wala usifagie. Kona hii itafanya kazi ikiachwa.

Wakati wa kiangazi, mwagia ndoo moja ya maji jioni mara moja au mbili kwa wiki. Maji yaliyotumika kuoshea mboga yanafaa. Maji yenye sabuni hayafai kabisa.

Maua ya msituni

Maua katika bustani hii yana kazi. Majani yake hufunika udongo usikauke, mizizi huushikilia usimomonyoke, na maua huita wadudu ambao vyura huwala. Mimea ya asili ya msituni imezoea kivuli, kwa hiyo haihitaji kutunzwa kama waridi.

Impatiensi ndiyo rahisi zaidi. Mashina yake yamejaa maji, maua ni ya waridi, mekundu au meupe, na kipande cha shina kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Aina inayouzwa katika vitalu vingi, *Impatiens walleriana*, asili yake ni Afrika Mashariki. Katika milima yetu pia kuna *Impatiens teitensis*, nyingine inayobeba jina la Taita.

Plektranthasi, jamaa ya mnanaa yenye vishada vya maua ya samawati au zambarau, hutambaa na kufunika ardhi upesi. Nayo huota kwa vipandikizi.

*Scadoxus multiflorus* hulala ardhini kama kitunguu msimu wote wa kiangazi, kisha mvua zikija hutoa ua moja la duara, jekundu kama moto. Tahadhari: kitunguu chake kina sumu, hivyo kiwe mbali na mifugo na watoto wadogo.

Kangaga humea pale ambapo maua yanashindwa, kwenye kivuli kizito kati ya mawe. Kwa mimea mirefu, panda dracaena au mgomba mwitu. Maji ya mvua hukaa kwenye makwapa ya majani yake, na hapo wadudu na vyura wadogo hupata mahali pa kujificha mchana.

Usipande lantana hata kama maua yake yanakuvutia. Ni mgeni, huenea bila kuzuilika na hufukuza mimea mingine.

Ua ambalo halitoki msituni

Msitu wa Mbololo una ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, *Saintpaulia teitensis*. Jamaa zake huuzwa kwenye vyungu katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na maua hayo ya biashara yalitokana na mimea iliyokusanywa Afrika Mashariki. Yalianza kujulikana huko baada ya mwaka 1892, wakati afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipoyakuta Usambara na kuyapeleka kwao.

La Mbololo ni letu peke yetu, na ni adimu. Mwananchi anayelipenda asilichimbe. Mmea mmoja uking'olewa kwenye mwamba wake msituni ni hasara ambayo hairudi kwa urahisi, na mara nyingi hufa ukifika nyumbani kwa kukosa hewa na unyevu uliouzoea. Kanuni hii ni kwa mimea yote ya msitu wa hifadhi. Nunua miche kwenye kitalu kinachoikuza chenyewe, au omba kipandikizi kwa jirani ambaye tayari anao. Ukitaka kukusanya mbegu msituni, muulize kwanza afisa wa Shirika la Huduma za Misitu la Kenya.

Kwa anayetaka maji

Bado kuna vyura wa kawaida wanaotaga majini, wakiwemo vyura wadogo wa matete ambao sauti zao tunazisikia mvua zikinyesha. Ukitaka kuwakaribisha, chimba kidimbwi chenye kina cha sentimita 30 hadi 40 katikati. Upande mmoja uwe na mteremko wa polepole uliowekewa mawe, ili mnyama aliyeingia aweze kutoka. Beseni lenye kuta wima ni mtego.

Mbu ni jambo la kuzingatia. Mabuu ya mbu hufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kidimbwi chenye mimea, kereng'ende na wadudu wa majini kwa kawaida huwa na mabuu machache, kwa kuwa wadudu hao huyala, lakini hilo halimaanishi usikague. Angalia maji kila wiki. Ukiona mabuu mengi, yachote kwa kichungi. Kama huna muda wa kukagua, usichimbe kidimbwi. Kona ya majani bila maji yaliyotuama inatosha, na haizalishi mbu ilimradi hapana makopo, matairi au vifuu vinavyokinga mvua. Unapotandaza majani, hakikisha umeviondoa vitu hivyo.

Usiweke samaki. Watakula mayai na viluwiluwi.

Mambo manne ya kuepuka

*Dawa.* Ngozi ya amfibia hupitisha maji na hewa, na hupitisha sumu vilevile. Dawa ya kuua magugu ikipulizwa mita chache juu ya kona hii, mvua ya kwanza itaiteremsha hadi hapo. Acha ukanda usiopulizwa, na palilia kwa mkono.

*Kuhamisha vyura.* Usibebe chura kutoka msituni, wala kutoka kijito cha mlima mwingine, ukidhani unamsaidia. Kuna ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya amfibia, na umeshapatikana nchini Kenya. Chura mmoja, au hata matope kwenye viatu, yanaweza kuupeleka mahali ambapo haupo. Tengeneza makao, kisha waache waje wenyewe.

*Kuua usichokijua.* Sesilia haumi watu wala hana sumu ya kumdhuru mkulima anayempita shambani. Mwili wake una pete pete, ngozi ni laini na yenye unyevu, na macho hayaonekani kwa urahisi. Nyungunyungu naye ana pete, lakini hana kichwa chenye taya. Nyoka mdogo wa ardhini ana magamba makavu yanayong'aa. Kama huna uhakika, usimguse na usimpige. Mfunike kwa udongo na majani, uendelee na kazi upande mwingine. Waeleze watoto hivyo pia, maana wao ndio huwa wa kwanza kumwona.

*Mikaratusi ukingoni mwa kijito.* Kama ipo tayari, huna haja ya kuikata yote kwa siku moja na kuacha mteremko uchi. Ipunguze kidogo kidogo, na kila unapokata panda mti wa asili au mgomba. Udongo ulioshupaa hulainika taratibu majani mengine yanapoanza kuoza juu yake.

Tutarajie nini?

Ni vyema kusema ukweli hapa ili mtu asivunjike moyo. Aliye Sagalla au kwenye miteremko yenye unyevu ya Dawida na Mbololo ana nafasi nzuri ya kuwa na sesilia, na huenda tayari wapo shambani mwake. Aliye Voi mjini, Taveta au kwenye nyanda kavu atapata vyura wa kawaida, mijusi na ndege. *Callulina dawida*, kwa upande wake, ni mnyama wa msitu wa asili. Asiyepakana na msitu asitarajie kumwona. Lakini kwa jirani wa Ngangao au Chawia, ukanda wa kivuli na majani kwenye mpaka wa shamba huzuia jua na upepo mkavu usipenye ukingoni mwa msitu, na hilo linamfaa chura huyu hata asipotia mguu kwenye bustani yako.

Faida kwa mkulima haisubiri vyura. Udongo uliofunikwa na matandazo hushika maji ya mvua za vuli hadi mbali ndani ya kiangazi. Mteremko wenye mizizi haupelekwi na mafuriko ya masika. Vyura na chura wa kawaida wa nyumbani hula wadudu wengi usiku, wakiwemo baadhi ya wanaoharibu mboga.

Muda mzuri wa kuanza ni wiki mbili au tatu kabla ya mvua: mwishoni mwa Februari kwa masika, au mwishoni mwa Septemba kwa vuli. Magogo na majani yatangulie, miche na vipandikizi vifuate mvua ikishalowesha udongo vizuri. Kwa ushauri kuhusu udongo, matandazo na miti ya asili inayofaa eneo lako, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako. Ukikutana na sesilia au chura usiyemfahamu, mpige picha alipo bila kumshika, andika tarehe na mahali, na umwonyeshe afisa huyo au wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwa mnyama anayeishi mlima mmoja tu duniani, hata picha moja ya simu kutoka shamba la Sagalla ni taarifa ya maana.